Ruhusa ya Kidoti

Aliyetaka kadi ya harusi iliyokatwa sawasawa, yenye kingo ambazo hata ukizipitishia ukucha hazikwami, alielekezwa kwa Bi Kadi. Duka lake lilibanwa kati ya kinyozi na fundi simu. Lilikuwa chumba chembamba kama kichochoro: mlangoni kaunta, nyuma ya kaunta kompyuta, nyuma ya kompyuta printa mbili zisizopatana, na mwisho kabisa, penye giza, meza ya kisu cha kukatia karatasi. Kisu chenyewe kilikuwa na mkono mrefu wa chuma, na kila alipoushusha kilitoa sauti kama ya mtu anayemeza mate. Kinyozi wa jirani alikuwa akisema kwamba akimsikia Bi Kadi anakata, yeye shingo humsisimka.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Alitengeneza kadi za mwaliko, za shukrani, za pongezi, za kumtakia mgonjwa nafuu, na ratiba za mazishi, na hizo za mwisho alizifanya kwa upole zaidi, akimwuliza mfiwa kila jambo kwa sauti ya chini kana kwamba marehemu amelala chumba cha pili. Watu walimjua kwa kazi hiyo kiasi kwamba jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Jambo moja liliwachekesha majirani. Bi Kadi hakutumia picha ya mtu bila kuomba. Wenzake wa kazi hiyo waliuona mtandao kama mto: mwenye kiu na achote. Mteja akitaka njiwa wawili, unatafuta njiwa, unawaleta, unaandika majina ya maharusi chini ya miguu yao, kazi imekwisha. Hata yeye alianza hivyohivyo, mpaka siku alipopokea ujumbe kutoka kwa mwanamke asiyemjua, wa nchi ambayo hakuwa na hakika iko upande gani. Mwanamke yule alikuwa ameona kadi ya shukrani kwenye ukurasa wa duka, na juu ya kadi akaliona waridi lake. Hakutukana, wala hakutishia kushtaki. Alieleza tu kwamba waridi lile alilipanda mwaka aliokuwa akimuuguza mama yake, akalipiga picha asubuhi lilipochanua, na kwamba kama angeombwa angekubali. Kwa ufupi alikuwa akisema, ungebisha hodi tu.

Bi Kadi alisikia uso unamchoma, kama mtu aliyekutwa amesimama chumbani kwa watu. Akaiondoa kadi, akaomba radhi, kisha akaanza kuulizauliza na kusoma. Akajua kwamba picha ina mwenyewe hata kama haina jina chini yake, kwamba hakimiliki ni ya aliyeipiga hata kama imezagaa kila mahali kama makapi, na kwamba kuandika "picha kutoka mtandaoni" si ruhusa. Alikuwa akiwaambia wateja kuwa hiyo ni sawa na mwizi kusema, kuku huyu nimemtoa bandani.

Basi akawa anaandika. Alijitambulisha, akasema picha ameipendea nini, anaitaka kwa kadi gani, na kwamba jina la mwenyewe litaandikwa nyuma. Mwisho aliongeza maneno yaleyale kila mara: ukikataa, sitakasirika. Wengine walijibu siku hiyohiyo. Mmoja aliyepiga picha ya daraja lenye ukungu alikubali kwa sharti la kuletewa habari za ndoa, kama maharusi wanapatana. Wengi hawakujibu kabisa. Kinyozi alipita na chanuo sikioni akamkuta ameikodolea macho skrini akisubiri, akasema, "Bi Kadi, wewe hata kivuli cha mti ungekiomba ruhusa kabla hujakaa."

"Kama mti una mwenyewe, ndiyo," alijibu.

Ila biashara haisubiri majibu. Anayeingia dukani anataka kuona mfano: kadi ya kuzaliwa inakuwaje, ya harusi inakuwaje, uso unakaa wapi na maandishi yanakaa wapi. Hapo Bi Kadi akapata njia ambayo aliiona safi kuliko zote. Alikuwa na kamera, na alikuwa na mtoto.

Mtoto huyo, wa pekee, aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi chini ya jicho la kushoto. Baba yake alikufa kabla hajaanza shule. Wakati wa kutengeneza ratiba ya mazishi ya mumewe, kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe, Bi Kadi alipekua nyumba nzima akapata picha moja tu, na katika picha hiyo marehemu aligeuka ghafla kumwangalia mtu, uso ukatoka kama moshi. Watu walimzika mtu ambaye sura yake haikusomeka kwenye karatasi waliyoshika. Tangu hapo Bi Kadi hakuiweka kamera mbali. Mtoto alipigwa picha akila, akilala, akifunga kamba za viatu, akiwa amenuna.

Na picha hizo ndizo zilizokuwa mifano. Kidoti mwenye keki usoni alikuwa kadi ya kuzaliwa. Kidoti ndani ya joho la kuazima alikuwa kadi ya mahafali, miaka mingi kabla hajahitimu chochote. Alipofika kidato cha pili alivikwa shela, akashikishwa maua ya plastiki, akawa bibi harusi wa ukutani. Mtu akimwuliza Bi Kadi kama na hizi ameziombea ruhusa, alicheka, kicheko chake adimu. "Picha nimepiga mimi, mtoto nimezaa mimi," alikuwa akisema. "Nimwombe nani?"

Shuleni walimwita Kidoti "Mfano". Mvulana mmoja alimwambia kwamba hawezi kumchumbia kwa kuwa ameshaolewa ukutani kwa mama yake. Bi Kadi alizisikia habari hizo, akadhani ni utani wa watoto, na kwamba binti anaringa kidogo kwa kujulikana.

Sasa Kidoti alikuwa mtu mzima, fundi miwani upande wa pili wa mji, na alikuwa ameposwa. Mchumba alikuwa kijana mtulivu wa kuunga mabomba ya maji, mwenye mikono mikubwa na aibu nyingi. Siku ya harusi ilishapangwa. Ukumbi ulishapatikana. Bi Kadi, aliyewatengenezea kadi binti za watu wote mtaani, alikuwa anangoja aambiwe aitengeneze ya binti yake.

Hakuambiwa. Kidoti alikuja, akala, akaosha vyombo, akazungumzia viti na mapazia na shangazi asiyepatana na shangazi mwingine, akaondoka. Habari ya kadi hakuigusa. Bi Kadi hakutaka kuuliza. Alijiambia kwamba labda jambo lenyewe liko wazi mno kiasi cha kutohitaji kusemwa, maana mtoto wa mwoka mikate haulizi kama nyumbani kutakuwa na mkate. Basi akaanza mwenyewe, polepole, wateja wanapopungua. Alichagua karatasi ya rangi ya maziwa. Ndani aliweka Kidoti wa miaka mitatu akivuka dimbwi la mvua amekunja gauni, na mbele yake, upande wa pili wa ukurasa, akaacha nafasi ya jina la mume. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, naye alilijua hilo.

Akiwa katika hali hiyo ya kungoja, kinyozi akamwita. Ndani kwa kinyozi alikuwako mteja aliyenyolewa nusu kichwa, ameshika simu. Kwenye simu palikuwa na ukurasa wa watu wanaochangisha michango ya matibabu, na juu ya maneno ya kuliza palikuwa na mtoto wa kike kitandani, bendeji kichwani, macho yana machozi, akitabasamu bila meno ya mbele. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na kidoti.

"Huyu si wa ukutani kwako?" mteja aliuliza.

Alikuwa yeye. Picha hiyo Bi Kadi aliipiga Kidoti alipoanguka kutoka juu ya ukuta akapasuka kichwa, akalazwa. Baadaye ikawa kadi ya "Ugua pole", kadi iliyopendwa kupita zote, na kama kazi zake nyingine aliiweka kwenye ukurasa wa duka. Mtu aliichukua hapo, akakata maandishi, akampa mtoto jina jingine na ugonjwa mwingine, na sasa watu wenye huruma walikuwa wanachangia upasuaji wa fundi miwani mzima wa afya.

Bi Kadi alirudi dukani. Kwa mara ya kwanza maishani yeye ndiye aliyeibiwa, na hasira ilikuwa na ladha ngeni mdomoni. Aliandika kwa wenye mtandao ule, akaeleza kuwa picha ni yake, hakimiliki ni yake, hakuombwa, hakuulizwa, na inatumiwa kuwadanganya watu. Akaambatanisha picha ya asili, nzima, pamoja na kona ya dirisha ambayo mwizi aliikata. Wakamjibu kwa adabu. Walikubali kwamba yeye ndiye mpigaji. Lakini kwa kuwa picha inaonyesha mgonjwa kitandani, waliuliza jambo jingine: aliyepigwa picha ana kauli gani? Kama sasa ni mtu mzima, walihitaji maneno yake mwenyewe, kwamba hakuridhia itumike na anataka iondolewe.

Bi Kadi alilisoma swali hilo kama mtu aliyeambiwa afungue mlango ambao siku zote aliudhani ni ukuta.

Alimkuta Kidoti kazini mchana, duka likiwa tupu, ameinamia mashine ya kusagia vioo. Kwenye rafu nyuma yake fremu za miwani zilipangwa safu kwa safu, zikitazama. Bi Kadi hakuketi. Alisema haraka kwamba kuna watu wameiba picha, ile ya hospitali, bila ruhusa, bila hata haya, na kwamba yeye hatawaacha.

"Najua, mama," Kidoti alisema. Alizima mashine. "Mama mkwe alinionyesha tangu wiki iliyopita. Aliniuliza kama niliwahi kuugua ubongo. Na kama ugonjwa wenyewe unarithiwa."

"Mbona hukuniambia?"

Kidoti alifuta kioo kwa kitambaa, akakiinua kwenye mwanga, akakifuta tena ingawa kilikuwa safi. Basi mama akamkabidhi simu asome ujumbe wa wenye mtandao, akieleza kwamba kinachohitajika ni maneno machache tu, kwamba hakuridhia. Kidoti alisoma. Alirudia kusoma. Kisha akacheka kidogo, kicheko kilichotoka puani, kisicho na furaha.

"Hawa ndio wa kwanza kuniuliza," alisema.

"Kukuuliza nini?"

"Kama niliridhia."

Bi Kadi aliokota maneno yaliyokuwa karibu. "Mimi ni mama yako, Kidoti."

"Ndiyo. Ndiyo maana sikusema."

Halafu akasema, bila kupandisha sauti, kama mtu anayemsomea mteja vipimo vya macho. Siku ile hospitalini walikuwa wamemnyoa upande mmoja wa kichwa. Alikuwa amekojoa kitandani na alikuwa akingoja muuguzi aje kubadilisha shuka, na alikuwa amelivuta blanketi mpaka kidevuni ili watoto wa vitanda vya jirani wasijue. Mama akaingia. Kidoti alifurahi mno kumwona, na hilo tabasamu la kwenye picha lilikuwa la furaha hiyo. Kisha akaiona kamera, akajifunika uso. "Ukaniambia, 'Geuka, mwanangu, mwanga uko huku.' Nikageuka. Nilidhani ukishapiga utanikumbatia."

Mlango ulilia, akaingia mzee aliyevunja mkono wa miwani. Kidoti alimhudumia, akamkazia parafujo, akamwambia asiwe anailalia. Mzee alipoondoka aliketi akaandika kauli yake kwenye simu ya mama, fupi, iliyonyooka, akaituma. Aliporudisha simu alisema lile lililobaki. "Na kadi za harusi tumeshazipeleka kwa mtu mwingine. Nilitaka nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Bi Kadi alisema, "Sawa." Akasema tena, "Sawa," akashika mkoba wake na kutoka.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Bi Kadi aliwahi kuiandika methali hiyo kwenye kadi ya mtu kwa herufi za kupendeza. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, safari ndefu, na njiani hasira ilikuja na kuondoka kama homa ya vipindi. Mara alijiona ameonewa: ni mama gani aliyemtazama mwanawe kuliko yeye? Mara aliliona lile blanketi limevutwa mpaka kidevuni. Katika kumbukumbu yake ya siku ile mlikuwa na dirisha, na mwanga laini ambao hakuwahi kuupata tena. Alijaribu kukumbuka kama alimkumbatia. Hakuweza kukumbuka.

Siku zilizofuata picha ile iliondolewa mtandaoni, na wenye ukurasa wakamwandikia pole. Alikuwa ameshinda. Kinyozi alikuja kumpongeza, akamkuta juu ya kiti anabandua mifano ukutani, akashangaa, naye akamsimulia yote bila kupamba. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kuna methali moja ya nyani, Bi Kadi," alisema.

"Imalize, nikusikie."

"Siimalizi. Mimi nanyoa wateja, sinyoi majirani." Akamshikia kiti asianguke. Ukuta uliobaki ulikuwa na madoa meupe ya mraba mahali picha zilipokaa, na kinyozi alisema afadhali atafute chokaa mapema, wateja wasije wakadhani amefilisika.

Aliondoa na zilizokuwa kwenye ukurasa, moja moja. Alipomaliza alikaa kumwandikia binti yake. Alianza kama alivyozoea kuwaandikia wageni, akajitambulisha, na alipofika hapo alisimama, maana ilikuwa kichekesho na haikuwa kichekesho. Akafuta. Akaandika kwamba amezitumia picha zake miaka yote bila kumwuliza, na kwamba amezitoa dukani na mtandaoni. Zilizobaki ziko kwenye kompyuta, nyingi, na anaomba Kidoti ndiye aseme zifanywe nini. Mwisho mkono ukaenda wenyewe kwenye maneno yake ya siku zote, ukikataa sitakasirika. Aliyatazama. Kwa wageni ilikuwa rahisi kuyasema, kwa kuwa waridi la mgeni halikunyonya kwako. Akayafuta pia, akaweka mengine: "Ukizikataa zote nitalia kidogo, kisha nitazifuta."

Jibu halikuja. Bi Kadi, aliyezoea kungoja majibu ya watu wa mbali, aligundua kwamba hajawahi kungoja. Alikata kadi za watu. Alipinda vidole vyake alipokuwa hana cha kukata. Alimhudumia mama mmoja aliyetaka kadi ya kuzaliwa yenye picha ya mwanawe, kijana wa shule aliyekuwa amesimama pembeni na mikono mifukoni, na Bi Kadi akajikuta anamgeukia kijana na kumwuliza ni ipi anayoipenda. Kijana aliona haya, akaonyesha ambayo mama yake hakuitaka. Wakabishana kidogo, mama na mwana, wakaondoka na ya kijana.

Kidoti alikuja siku yake ya mapumziko, asubuhi, na mfuko wa machungwa. Aliuangalia ukuta mtupu, akavuta kiti akaketi kando ya mama yake mbele ya kompyuta. "Haya, tuzione," alisema.

Wakaanza. Bi Kadi alifungua picha, Kidoti akasema ndiyo au hapana, na alichokisema ndicho kilichofanyika. Ilikuwa kazi ya kushangaza. Bibi harusi wa kidato cha pili, picha iliyopigwa vizuri kuliko nyingi, alikataliwa mara moja bila maelezo. Mtoto mwenye keki usoni, hapana. Lakini msichana mwenye mdomo uliojaa, jicho moja limefumba, picha ambayo Bi Kadi mwenyewe aliionea aibu, alibaki. "Hii nilijua unapiga," Kidoti alisema. "Nilikuwa nakuchokoza." Katikati ya kazi walimenya machungwa, na Kidoti akamkataza mama kushika kibodi kwa vidole vya maji ya machungwa, kwa sauti ileile aliyowahi kukatazwa nayo yeye.

Walipofika kwenye ile ya hospitali, kidole cha Bi Kadi kilikwenda moja kwa moja penye kufuta. Kidoti alimshika mkono. "Nitumie mimi kwanza. Ndipo ufute ya kwako."

Akaituma, akaifuta. Ndipo Bi Kadi alipomweleza habari ambayo hakuwahi kumweleza: jinsi alivyopekua nyumba kutafuta uso wa baba yake, na uso wa moshi kwenye karatasi, na watu walivyokuwa wanaikunja ratiba ile bila kuitazama. Alisema aliogopa. Alisema kila alipomwona Kidoti mahali penye mwanga mzuri alisikia mtu anamsukuma mgongoni akimwambia, haraka, haraka, kabla hajageuka.

Kidoti alikuwa anakusanya maganda ya machungwa kwenye kiganja. "Lakini mimi nilikuwepo, mama," alisema. "Sikuwa nimekufa."

Printa moja ilijisafisha yenyewe kwa kelele, kama kawaida yake, ikanyamaza. Bi Kadi alifuta macho kwa upande wa mkono, na Kidoti akamletea karatasi ya kupangusia, na ilikuwa ngumu, ya kadi, wakacheka wote wawili.

"Iko moja zaidi," Bi Kadi alisema. Akafungua kadi ya harusi aliyoitengeneza kwa siri: karatasi ya rangi ya maziwa, dimbwi la mvua, kitoto kilichokunja gauni, na ile nafasi iliyoachwa upande wa pili. Hakuitetea. Alikaa na mikono mapajani.

Kidoti aliitazama muda mrefu. Alijisogeza karibu na skrini, fundi miwani yule, kama wanavyofanya wale wasioona vizuri. "Ni nzuri," alisema mwishowe. "Ni nzuri mno, mama." Kisha akasema, "Lakini hapana."

"Haya," Bi Kadi alisema. Akaifuta, na haikuwa kama alivyoogopa.

Kidoti alitoa bahasha mkobani, akampa. Ndani mlikuwa na kadi ya harusi kutoka duka la mtu mwingine, nyeupe, haina picha wala ua, maandishi tu. Mama wa bibi harusi alikuwa amealikwa kwa jina lake la kuzaliwa, lililoandikwa kwa mkono, na alilitazama kama mtu anayekutana na ndugu wa zamani. Kisha, hakuweza kujizuia, kidole chake kikapita kwenye mkunjo. Mkunjo ulikuwa umepinda. Karatasi ilikunjwa bila kuchorewa mstari kwanza, ikapasuka nyuzi. Kidoti alikiona kidole, akainama juu ya kaunta akicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Sema tu, mama."

"Sina la kusema."

"Sema, utapasuka."

"Ingechorewa mstari kwanza," Bi Kadi alisema kwa unyonge, na Kidoti akacheka zaidi.

Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni, akawa Kidoti wa zamani, anayezungusha mguu mmoja chini kabla ya kuomba kitu. Alisema mpiga picha wamempata, kijana mzuri, atatosha. "Siku hiyo nataka ukae mbele. Usije na kamera. Na simu uiache nyumbani. Ukae tu, unitazame."

Bi Kadi aliahidi, akijua kwamba hajawahi kuahidi jambo gumu kama hilo.

Siku ya harusi alikaa kiti cha mbele, amevaa vizuri, na mikono yake haikujua pa kwenda. Ilishika mkoba, ikauacha. Ilishika magoti. Karibu naye mama mkwe alikuwa ameinua simu juu kama watu wote, na ukumbi mzima uling'aa vioo vidogo. Kidoti alipoingia alipita penye dirisha refu, na mwanga ukamwangukia begani na kwenye shavu, mwanga wa aina ambayo mtu akiupata mara moja katika miaka kumi ashukuru. Bi Kadi alisikia kule kusukumwa mgongoni. Haraka, haraka. Hakuwa na kitu mkononi. Alibaki kutazama tu, na kwa kuwa alikuwa anatazama, aliona binti yake anatembea kwa uangalifu kwa sababu kiatu kimoja kinambana, na kwamba anauma mdomo wa chini kwa ndani kama babaye, jambo ambalo katika picha zote zile hakuwahi kuliona. Kidoti alipofika usawa wake aligeuza uso, akamkuta anamtazama, macho kwa macho, akapunguza mwendo kidogo.

Kesho yake asubuhi, akichemsha maji, Bi Kadi alijaribu kukumbuka maua yalikuwa mkono gani. Aliwaza kulia, akawaza kushoto. Tayari hakuwa na hakika. Angeweza kuuliza, picha za watu zilikuwa tele. Aliacha maji yachemke, akakaa na yale aliyoyakumbuka.